Somo: Juu ya nini lava haina azoti? Safari kutoka shamba letu mpaka chini ya bahari



Msimu A uliopita, katika kikao cha kikundi kimoja upande wa Kibumba, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Alisema: « Agronomi, munatufundisha kila siku kama udongo wa volkano ni udongo wa nguvu. Mimi nalima juu ya lava ya zamani. Sasa juu ya nini mahindi yangu iko manjano? » Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nikamwambia: « Weka mbolea, mama. » Lilikuwa jibu sawa, lakini halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza kitu kinachokosekana kinatoka wapi, na kwa nini volkano haikumpa.

Swali hilo si la mchezo. Mama yule aliuza mbuzi wake wawili ili anunue mbegu bora ya mahindi. Mahali alitazamia mifuko 10, alivuna 3. Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yangu ya institut. Jibu lake linapitia mbali sana, mpaka chini ya bahari, kisha linarudi katika shamba. Tulifuate polepole.

1. Azoti iko wapi?

Azoti, ambayo vitabu vingine vinaiita nitrojeni, ndiyo inayofanya majani kuwa kijani na kujenga nguvu ya maharagi, soya, maziwa na nyama. Ikikosekana, majani ya chini yanaanza kuwa manjano, kuanzia ncha na kufuata mshipa wa katikati. Mmea unanyang'anya majani ya zamani ili ulishe majani mapya.

Hewa tunayovuta ni azoti kwa 78%. Hata kwenye milima yetu, ambako hewa ni nyepesi, juu ya kila metre moja ya mraba ya shamba kuna zaidi ya tani 6 za azoti. Kwa hektari moja ni zaidi ya tani 60.000! Lakini mahindi haiwezi kuila. Azoti ya hewa inatembea wawili-wawili, imeshikana kama watu wawili waliofungwa kwa kamba tatu. Ni bakteria fulani, umeme wa radi na viwanda vya mbolea tu ndio wanaoweza kukata kamba hizo. Mmea unataka azoti iliyokwisha kukatwa: ile tunayoiita amonyumu, ama ile tunayoiita nitrati.

2. Lava ni kama majivu

Wamama wengi wanajua kuchoma maganda na mabua ya maharagi ili kupata majivu. Katika majivu munabaki potasi, kalsiamu, na fosfori kidogo. Azoti haimo. Moto uliipeleka juu pamoja na moshi.

Lava iko hivyo hivyo. Mwamba ukiyeyuka kwa moto wa ndani ya dunia, azoti haipendi kubaki ndani yake, inatafuta njia ya kutoka kama gesi. Lava ya Nyiragongo, ile iliyoshuka mpaka Goma tarehe 17 Januari 2002 na ile ya tarehe 22 Mei 2021, ni tajiri kwa potasi na fosfori kuliko mawe mengi. Ikioza kwa miaka mingi inatoa udongo mzuri kweli. Lakini siku inapoganda, azoti yake ni karibu na bure.

Angalieni wenyewe juu ya lava ya miaka ya karibuni. Mahindi haianzi pale. Inaanza ile kuvu ya kijivu inayoshikana na jiwe kama manyoya, kisha majani ya aina ya feri, kisha vichaka. Hawa wa kwanza ndio wanaokusanya azoti kidogo kidogo, nyingine kutoka kwa bakteria, nyingine kutoka kwa mvua. Inaomba miaka mingi sana. Kwa hiyo, nguvu ya udongo wa volkano ni ya mikono miwili: potasi na fosfori zinatoka chini, kwa jiwe, azoti inatoka juu, kwa hewa, kupitia viumbe. Mkulima akiondoa viumbe, anabaki na mkono mmoja.

3. Sakafu ya bahari inazaliwa maskini, inazeeka tajiri

Sasa tushuke baharini. Chini ya bahari kubwa kuna migongo mirefu ya milima ambako dunia inapasuka na lava inatoka bila kupumzika. Lava hiyo ikiganda inakuwa ganda jipya la bahari, lenye unene wa kilometa 7 hivi. Kila mwaka linasukumwa sentimita chache mbali na mgongo, na lingine jipya linachukua nafasi yake.

Ganda hilo likizaliwa liko kama lava yetu: katika tani moja ya mwamba unapata gramu 1 ama 2 tu za azoti. Lakini linakaa ndani ya maji kwa mamilioni ya miaka. Maji ya bahari yanaingia katika nyufa, yanapashwa moto, yanazunguka na kutoka tena. Polepole mwamba mgumu unageuka kwa sehemu kuwa udongo wa mfinyanzi. Na juu yake inaanguka mvua isiyokoma ya vitu vilivyokufa: vijidudu vya bahari, mabaki ya samaki, vumbi, tope la mito. Vitu hivyo vikioza katika tope vinatoa amonyumu, kama samadi inavyotoa katika shimo la mbolea.

Hapa kuna jambo moja ambalo mkulima atalifahamu haraka kuliko mtu wa mji. Chembe ya amonyumu ina ukubwa karibu sawa na chembe ya potasi, na zote mbili zina chaji ya aina moja. Mfinyanzi umejengwa kama kurasa za kitabu, na kati ya kurasa kuna nafasi ambamo potasi inakaa. Amonyumu ikipita, inaingia katika nafasi ile ile, kitabu kinafungika, na azoti inabaki ndani. Hivyo azoti iliyokuwa hewa, kisha mwili wa kijidudu, inakuwa sehemu ya jiwe.

Hii si hadithi. Katika Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Mariana, meli ya watafiti ilitoboa sakafu ya bahari na kutoa mwamba wenye umri wa miaka milioni 170 hivi, kati ya ile ya zamani kabisa iliyobaki chini ya bahari. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2007 vilionyesha kama mwamba uliogeuzwa na maji una azoti tangu gramu 1 na kidogo mpaka gramu 18 kwa tani. Tope lililo juu yake linaweza kuwa na mamia ya gramu kwa tani. Ni kidogo kwa macho ya mkulima. Lakini ganda la bahari linafunika zaidi ya nusu ya dunia, na unene wake ni kilometa. Kidogo mara kubwa hivyo kinakuwa ghala kubwa.

4. Ganda linashuka, volkano inarudisha

Ganda la bahari halikai milele. Likizeeka linakuwa zito, na mahali fulani linazama chini ya bamba lingine na kurudi ndani ya dunia. Upande wa Amerika ya Kati, kwa mfano, linazama chini ya Guatemala, Nicaragua na Costa Rica kwa mwendo wa sentimita 8 hivi kwa mwaka. Linashuka na mzigo wake: maji, tope, na azoti iliyofungwa katika mfinyanzi.

Joto linapopanda, kitabu cha mfinyanzi kinafunguka tena. Sehemu ya azoti inatoka, inapanda pamoja na maji na uji wa moto, na volkano za nchi zile zinaitapika hewani. Basi, mzunguko unafungika: hewa, kiumbe, tope, jiwe, volkano, hewa.

Watajuaje kama azoti ya volkano ilitoka kwa tope la bahari? Kuna azoti ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Ile ya tope la bahari ina nzito zaidi kuliko ya hewa, na ile ya ndani kabisa ya dunia ina nzito kidogo zaidi ya chini, ni nyepesi kuliko ya hewa. Ni kama alama ya koperative juu ya mfuko: unajua kahawa ilipimwa wapi. Mwaka 2002 watafiti walitangaza vipimo vya gesi za Amerika ya Kati. Guatemala, gesi ilikuwa na alama ya tope la bahari, na kiasi kinachotoka kilikaribia kile kinachoshuka na tope. Costa Rica, alama hiyo ilikuwa dhaifu sana, kama vile tope halikufika chini ya volkano, ama lilipoteza azoti yake njiani. Nchi mbili majirani, ganda moja la bahari, na hesabu mbili tofauti.

Nyiragongo na Nyamulagira haziko za aina ile. Hapa kwetu hakuna ganda la bahari linalozama. Dunia inafunguka, ndiyo maana tuko na bonde la ufa na maziwa marefu. Gesi inayotoka ni zaidi mvuke wa maji, gesi ya kaboni na gesi ya kiberiti. Mazuku inayoua mbuzi na hata watoto katika mabonde madogo ni gesi ya kaboni, haiko azoti. Usitazamie basi volkano yetu ikuletee mbolea ya azoti.

5. Nyingine inashuka zaidi, mpaka almasi

Azoti yote hairudi kwa volkano. Sehemu inaendelea kushuka mpaka mamia ya kilometa. Ndugu zetu wa Mbuji-Mayi wameshika ushahidi mkononi bila kujua. Almasi ni kaboni, lakini uchafu wake wa kawaida kuliko yote ni azoti, na mara nyingi ndiyo inayoipa rangi ya manjano. Kuna almasi duniani ambazo alama ya azoti yake inaonyesha vitu vilivyowahi kuwa kwenye sakafu ya bahari. Sasa munaona: almasi ni manjano juu iko na azoti, mahindi ni manjano juu haina.

6. Mchango wa mito yetu

Munaweza kuuliza: sisi tulio mbali na bahari tunaingia wapi? Tunaingia kwa mmomonyoko. Mvua ya Machi na Aprili inaposhuka juu ya shamba lililo uchi, inachukua kwanza udongo mweusi wa juu, ule wenye azoti. Kwa upande wa Bukavu na Uvira, maji yanakwenda Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, mpaka mto Congo na Atlantiki. Kwa upande wa Rutshuru, yanakwenda Ziwa Edward, Semliki, mpaka mto Nili. Udongo mwingi unabaki chini ya maziwa, lakini nitrati iliyoyeyuka inaweza kuendelea na maji.

Pale mto Congo unapoingia baharini kuna korongo kubwa linaloanzia ndani ya mdomo wa mto na kushuka chini ya bahari. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya Desemba, tope liliporomoka katika korongo hilo na kukimbia zaidi ya kilometa 1.000 chini ya maji. Lilikata kamba za intaneti zilizolala pale. Wale waliokuwa na simu wakati ule wanakumbuka vile intaneti ilikuwa nzito. Katika tope lile kulikuwa na udongo wa Afrika ya Kati.

Na upande wetu wa Atlantiki ganda halizami. Azoti ikifika pale itasubiri mamilioni ya miaka mpaka siku sakafu ile itakapoanza kushuka ama kuinuliwa kuwa mlima. Inawezekana kuinuliwa: huko Kalifornia, Marekani, kuna mawe yaliyokuwa tope la bahari, yenye azoti nyingi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kama misitu iliyoota juu ya mawe yale ina azoti zaidi, kwa nusu hivi, kuliko misitu ya jirani iliyo juu ya mawe maskini. Kwa hiyo dunia inarudisha. Lakini inarudisha kwa saa yake, na saa yake haijui msimu A wala msimu B.

7. Tufanye nini shambani?

Tuanze na hesabu. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka na kilo 15 hivi za azoti. Tani moja ya maharagi inaondoka na kilo 35 hivi, ingawa sehemu yake maharagi yenyewe yaliitoa hewani. Urea ina azoti 46%: mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo mkulima aliyeuza tani 2 za mahindi amepeleka sokoni kilo 30 za azoti, ni kusema kilo 65 za urea, zaidi ya mfuko mmoja. Kama hakurudisha kitu, shamba ndilo lililolipa.

Njia za kurudisha ni hizi:

– Maharagi na soya: msing'oe na mizizi yote kupeleka nyumbani. Kateni juu, mizizi ibaki. Chimbeni mche mmoja wakati wa maua, mpasue vifundo vya mizizi. Ndani kukiwa na rangi nyekundu ama waridi, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa nyeupe ama kijani, hawafanyi. Soya inavuta azoti ya hewa vizuri kuliko maharagi ya kawaida.

– Mabua na maganda: msichome. Mukihitaji majivu, chukueni kidogo tu, mengine yaende katika shimo la mbolea. Kuchoma ni kufanya kazi ya volkano: potasi inabaki, azoti inaruka.

– Titonia: haivuti azoti ya hewa, lakini inakusanya ile iliyotawanyika kandokando ya barabara na mipaka. Kateni majani mabichi kabla ya maua, mfukie wiki moja ama mbili kabla ya kupanda.

– Samadi: ifunikwe na majani ya migomba, isipigwe na jua wala mvua. Ile harufu kali inayochoma pua ni azoti inayokimbia. Mkojo wa mifugo una azoti nyingi. Tandikeni majani makavu chini ya mbuzi na sungura yaunyonye.

– Urea: msiitupe juu ya udongo na kwenda. Fanyeni kishimo kando ya mmea, mfukie sentimita 5 hivi, wakati udongo una unyevu. Mgawanye mara mbili, msiweke yote siku moja. Amonyumu inashikwa na mfinyanzi kama kule baharini, lakini ikigeuka nitrati inakwenda na maji.

– Mteremko: mistari ya setaria ama matete kwa kufuata usawa wa kilima, na mifereji ya kuzuia maji. Kazi hii mtu mmoja hawezi. Ifanyweni kwa salongo ya kikundi kizima, kuanzia juu ya kilima kushuka. Anayefanya peke yake chini, maji ya jirani wa juu yatamvunjia.

Wale wa juu ya lava changa wajue jambo moja zaidi: mchanga wa lava hauna mfinyanzi mwingi, kwa hiyo haushiki. Pale, mbolea ya shimo ndiyo inayofanya kazi ya mfinyanzi. Urea peke yake itapita kama maji katika kikapu.

8. Jaribio la kikundi

Chukueni chupa 2 za plastiki, kateni chini, mzigeuze mdomo chini na mfunge mdomo kwa kitambaa. Moja mjaze mchanga wa lava, nyingine udongo mweusi wa bustani, kwa kipimo kimoja. Loweka samadi ndani ya maji siku moja, chuja, kisha mimineni kikombe kimoja katika kila chupa. Angalieni rangi ya maji yanayotoka, na muyanuse. Rangi yenyewe haiko azoti, lakini munaona kwa macho udongo gani unashika na udongo gani unaachilia. Rudieni baada ya kuchanganya mchanga wa lava na mbolea iliyooza, sehemu moja kwa tatu.

9. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Msimu huu tumeuza mifuko mingapi? Ni kilo ngapi za azoti zimeondoka, na tumerudisha ngapi?
– Ni nani kati yetu anayechoma mabua, na kwa sababu gani? Tunaweza kumsaidia aache vipi?
– Koperative ikitoa mkopo wa mbegu, je, inauliza kwanza kama mkulima iko na mbolea?

Swali hili la mwisho naliweka kwa ajili ya mama yule wa Kibumba. Mbegu yake ilikuwa nzuri. Potasi ilikuwa ndani ya lava. Azoti ilikuwa ndani ya zizi, chini ya miguu ya mbuzi wawili, na aliwauza ili apate mbegu. Sisi wa kumshauri hatukumwambia. Nilimrudia mwezi uliopita, nikamweleza haya yote kwa kirefu, mpaka habari ya bahari. Alisikiliza, kisha akasema: « Sasa nimesikia. Njo kusema nilipashwa kuuza mbegu ninunue mbuzi. » Kikundi chake kimekubali kumkopesha mbuzi jike mmoja, mtoto wa kwanza atarudi kwa kikundi.

Kazi njema, na mvua njema.